Kusimama Mahali pa Asiyekuwapo: Filamu Tatu za Mapenzi na Kumbukumbu

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Ninafundisha fasihi ya Kiswahili sekondari na ninaishi na mama yangu, ambaye tangu mwaka juzi kumbukumbu zinampotea kidogo kidogo. Baba alifariki miaka tisa iliyopita. Jioni, giza likianza kuingia, mama hunishika mkono na kunisemesha kana kwamba mimi ndiye baba. Huniuliza mbona nimechelewa, au basi limeharibika tena njiani. Usiku akishalala, mimi hutazama filamu kwenye simu, lakini karibu zote za mapenzi ninazozipata huishia harusini. Je, zipo filamu zinazoyatazama mapenzi na kumbukumbu kwa kina? Zinaonyeshaje yaliyomo kichwani mwa mtu bila kutegemea mbinu rejeshi, yaani kuirudisha hadithi nyuma, peke yake? Na mimi nikubali kuwa baba kwa dakika zile, au nimsahihishe mama?"

Marahaba, binti yangu, na pole kwa uuguzi. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, la fani na la nyumbani. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuhariri filamu na kuwafundisha vijana kuhariri, kwa hiyo la kwanza ninaliweza. La pili ninaliendea kwa uangalifu, na ningeliacha kabisa kama isingekuwapo filamu moja ya mwaka 1959 ambamo mtu hufanyiwa hasa kile unachofanyiwa wewe kila jioni: anatazamwa usoni, anasemeshwa kana kwamba yeye ni marehemu, na inambidi aamue papo hapo atajibu nini.

Filamu hiyo ni Hiroshima mon amour, yaani "Hiroshima, mpenzi wangu", iliyoongozwa na Mfaransa Alain Resnais kwa muswada ulioandikwa na Marguerite Duras. Mwigizaji wake mkuu, Emmanuelle Riva, alikuwa na miaka 31 ilipopigwa mwaka 1958. Miaka 53 baada ya filamu hiyo kuonyeshwa, mwanamke huyohuyo, sasa bibi wa miaka 85, alionekana katika Amour, yaani "Upendo", filamu ya Michael Haneke kuhusu mume na mke wazee mjini Paris ambao mmoja wao anapigwa na kiharusi. Katika ile ya kwanza anaigiza mtu anayeogopa kusahau. Katika ile ya pili anaigiza mtu ambaye nguvu za mwili na maneno vinamtoka huku mumewe akitazama. Mimi huziona kama kazi moja iliyochukua nusu karne kukamilika, na ikiwa una nafasi ya kutazama filamu mbili tu mwaka huu, nakuomba ziwe hizo, kwa mpangilio huo.

Kisa cha ile ya kwanza ni chepesi kukieleza. Mwigizaji wa Kifaransa amekwenda Hiroshima kushiriki katika filamu inayohusu amani, na huko amekutana na msanifu majengo wa Kijapani. Wote wawili wana ndoa zao, na kila mmoja anasema ndoa yake ni ya furaha. Kesho yake mwanamke anatakiwa kurudi kwao. Hatuambiwi majina yao. Ni dakika 90 za watu wawili wanaozungumza, wanaoachana, wanaokutana tena katika mji uleule usiku uleule, na asiyekuwa na subira atasema hakuna kinachotokea. Lakini kuna tukio moja ambalo nimewaonyesha wanafunzi wangu mara nyingi kuliko tukio lolote la sinema ninalolijua, nami ningependa ulione kwa karibu kabla hujaitazama filamu yenyewe.

Ni asubuhi. Mwanamke amesimama kwenye roshani ya hoteli, amevaa kimono, ameshika kikombe cha kahawa. Anageuka kutazama ndani. Mwanamume bado amelala, mkono wake umelegea juu ya kitanda, na vidole vinachezacheza kama vya mtu anayeota. Mwanamke anautazama mkono ule. Ghafla tunaona mkono mwingine, umekaa vilevile, wa kijana aliyelala chini akikata roho; kamera inapanda haraka hadi kwenye uso wenye damu, ambao msichana anaubusu; na kabla hatujajua tumeona nini, tumerudi hotelini, mwanamke bado amesimama mlangoni na kikombe chake. Yote hayo hayazidi sekunde chache. Mwanamume anaamka, mwanamke anamwuliza kama atakunywa kahawa, kisha anamwuliza alikuwa akiota nini. Kijana yule hatajwi. Mtazamaji inambidi asubiri sana kabla ya kuelezwa kwamba yule alikuwa askari wa Kijerumani, mpenzi wa kwanza wa mwanamke huyu, aliyempenda akiwa msichana katika mji mdogo wa Nevers kando ya mto Loire, wakati Ujerumani ilipokuwa imeikalia Ufaransa. Kwamba aliuawa kwa risasi mwaka 1944, mji ukiwa karibu kukombolewa. Kwamba wenyeji walimnyoa msichana nywele zote kwa kosa la kumpenda adui. Na kwamba wazazi wake, kwa aibu, walimfungia katika chumba cha chini ya nyumba.

Sasa nirudi kwenye swali lako la fani. Wewe darasani unafundisha kwamba mbinu rejeshi, au kisengerenyuma kama wengine wanavyoiita, ni pale mwandishi anapoukatiza mtiririko wa hadithi ili aturudishe kwenye tukio la nyuma. Sinema nayo iliichukua mbinu hiyo mapema, na kwa muda mrefu ilikuwa na adabu ya kumtaarifu mtazamaji: uso wa mhusika ukasogezwa karibu, picha ikafifia au ikatetemeka kama maji, muziki ukabadilika, sauti ikasema "nakumbuka siku ile". Mtazamaji alipewa muda wa kujiandaa, kama mgeni anayepigiwa hodi. Resnais aliiondoa hodi. Kumbukumbu katika filamu yake haiji kama hadithi yenye mwanzo na mwisho, inakuja kama kipande kisicho na maelezo, kwa sababu mkono umekaa mahali ambapo mkono mwingine uliwahi kukaa. Sisi wahariri tunajua kwamba jicho hutambua umbo kabla akili haijatambua maana. Ukiunganisha picha mbili zenye umbo moja, mtazamaji huvuka kutoka ya kwanza kwenda ya pili bila kujikwaa, na anapogundua kwamba amevuka mpaka wa nchi na wa miaka kumi na minne, tayari yuko upande wa pili. Hivyo ndivyo anavyotekwa mwanamke yule, na hivyo ndivyo anavyotekwa mama yako jioni. Hakuamua kumkumbuka baba yako. Pengine mwanga ulifika pembe fulani ya ukuta, au mlango ulilia namna fulani, na mkono wako ulikuwa pale pale ulipokuwa wa baba.

Kuna jambo jingine la kiufundi ambalo ningependa ulisikilize, si kulitazama. Mwanamke anapoanza kusimulia habari za Nevers, ni usiku, katika mkahawa ulio kando ya mto, na picha za Nevers zinapopita mbele yetu kwa sehemu kubwa hazina sauti zake. Tunachosikia ni Hiroshima: muziki wa mkahawa na sauti za usiku wa pale mtoni. Mwili uko huku, macho yako kule. Filamu ilikuwa na wapigapicha wawili, Michio Takahashi kwa Japani na Sacha Vierny kwa Ufaransa, kwa hiyo hata mwanga wa sehemu hizo mbili haufanani, na mtazamaji hawezi kuzichanganya. Anaziona zikikaa pamoja bila kuyeyukiana. Katika riwaya kazi hiyo ingehitaji sentensi ndefu zenye vitenzi vya wakati uliopita na wakati uliopo vikigombana ndani yake. Sinema inaifanya kwa kuipa picha mwaka mmoja na sauti mwaka mwingine.

Hapo mkahawani ndipo penye jibu la swali lako la pili. Mwanamke anasimulia, na taratibu anaacha kusema "yeye" anapomtaja Mjerumani, anaanza kusema "wewe". Anamtazama Mjapani na kumwambia wewe. Mwanamume angeweza kumkatiza. Angeweza kuona wivu, na nadhani wengi wetu tungeuona, kwa kuwa hakuna mtu anayependa kuitwa kwa nafasi ya mwingine katika saa ya mapenzi. Badala yake anauliza: ukiwa kule chini ya nyumba, mimi nimekufa? Na mwanamke anajibu kwamba ndiyo, umekufa. Kuanzia hapo habari inafunguka. Anaeleza jinsi alivyolala juu ya mwili wa mpenzi wake mchana kutwa na usiku kucha, asione tofauti kati ya mwili ule na wake mwenyewe. Jinsi alivyokwaruza kuta za chumba kile mpaka vidole vikatoka damu. Jinsi gololi ya mtoto fulani ilivyodondokea ndani, akaishika, akaona ina joto. Gololi ile hunishika kila nikiitazama filamu hii, kwa sababu ni kitu kidogo mno kubebwa kwa miaka kumi na minne, naye ameibeba, na joto lake.

Angalia alichofanya mwanamume huyo. Hakusema "mimi ndiye Mjerumani wako". Asingeweza kusema hivyo bila kumdanganya. Wala hakusema "mimi si Mjerumani, mimi ni Mjapani, tuko mwaka 1958". Aliuliza swali akiwa amesimama mahali alipowekwa, na swali likampa mwanamke njia ya kuendelea. Naamini huo ndio ukaribu mkubwa kuliko wote unaoonyeshwa katika filamu hii, mkubwa kuliko ule wa miili, ambao nao upo na umeonyeshwa kwa heshima. Kumwazima mtu nafasi yako ili aongee na asiyekuwapo ni zawadi inayomgharimu mtoaji, maana kwa muda huo yeye mwenyewe haonekani.

Kwa hiyo mama anapokuuliza mbona umechelewa, nadhani huna haja ya kuchagua kati ya kuwa baba na kumsahihisha. Wauguzi wa wazee wenye maradhi ya kusahau mara nyingi hushauri mtu asibishane na mgonjwa juu ya ukweli wa jambo, bali aitikie hisia iliyo ndani ya maneno yake, na wanajua pia kwamba wengi hali huwazidi jioni. Kama bado hajaonwa na daktari, mpeleke, kwa kuwa baadhi ya sababu za kusahau hutibika. Lakini katika dakika zile, fanya alivyofanya yule msanifu majengo: uliza. "Ninapochelewa huwa unafanya nini?" Hujasema uongo, na umempa nafasi ya kusimulia. Huenda akakueleza kuhusu chakula alichokuwa akikifunika kwa kawa, au dirisha alilokuwa akisimama, na utapata habari za baba yako ambazo hukuwahi kuzijua, kwa sababu mtoto hajui wazazi wake walivyokuwa wakingojana.

Ni lazima niseme na upande mwingine. Mwanamke anapozama mno katika chumba kile cha chini, akawa hawezi kurudi, mwanamume anampiga makofi mbele ya watu. Mimi sikubaliani na makofi hayo, na sidhani filamu inakutaka ukubaliane nayo, lakini yanaonyesha kwamba anayesimama mahali pa marehemu anabeba pia jukumu la kumrudisha aliye hai. Usimwache mama kule mpaka akalia. Ukiona sauti inaanza kutetemeka, mrudishe kwa kitu cha mkononi: chai, kanga yake, kazi ndogo ya kuchambua mchele.

Baadaye, peke yake hotelini, mwanamke anajitazama kwenye kioo na kumsemesha yule askari aliyekufa. Anamwambia kwamba amemsaliti usiku huu na mgeni, kwa kuwa amemsimulia habari yao, na imeonekana kumbe inasimulika. Hiyo ndiyo fikra ngumu kuliko zote katika filamu, na ninakiri kwamba ilinichukua miaka kuielewa. Kwa muda wote ule maumivu yalikuwa uthibitisho wa penzi. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe. Sasa yamegeuka maneno, na kinachogeuka maneno kinaweza kuwekwa chini. Anaogopa kwamba kusimulia ni mwanzo wa kusahau, na kwamba siku atakaposahau, yule kijana atakufa mara ya pili. Wengi wanaofiwa wanaijua hofu hiyo vizuri: siku ya kwanza unapocheka tangu msiba, unageuka kutazama kama kuna aliyekusikia.

Hiroshima yenyewe haikuwekwa pale kama pambo. Resnais aliombwa kutengeneza filamu ya maelezo ya kweli kuhusu bomu la atomiki, kwa kuwa miaka michache nyuma alikuwa ametengeneza moja kuhusu kambi za mauaji za Wanazi. Akaona atajirudia, ndipo Duras akaletwa kuandika kisa cha mapenzi. Robo saa ya mwanzo ni miili miwili iliyokumbatiana, ngozi imefunikwa kwanza na kitu kama majivu na kisha jasho, huku mwanamke akisema ameona kila kitu Hiroshima, hospitali, makumbusho, na mwanamume akimkatalia tena na tena: hukuona kitu. Hoja ni kwamba kumbukumbu ya msiba wa watu wa tarehe 6 Agosti 1945 haiazimwi kwa kutembelea makumbusho. Anachoweza kuleta mgeni ni msiba wake mwenyewe, aulaze kando ya ule mwingine. Eiji Okada, aliyeigiza mwanamume, hakuwa akizungumza Kifaransa. Mistari yake aliikariri kwa sauti, silabi baada ya silabi, na huenda ndiyo sababu kila neno lake linasikika kama limepimwa. Riva naye, katika siku za mapumziko, alikuwa akizunguka mjini na kamera akiwapiga picha watoto na wakazi wa Hiroshima, na miaka hamsini baadaye picha hizo zikachapishwa. Mwishoni wahusika wawili wanapeana majina hatimaye. Mwanamke anamwita mwanamume Hiroshima. Naye anamwita Nevers. Kila mmoja amekuwa mahali ambapo mwenzake aliumizwa.

Kuhusu Amour nitakuwa mfupi zaidi, si kwa kuwa ina uzito mdogo. Ilishinda tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 2012 na ikapata Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni mwaka uliofuata. Nitakuwa mfupi kwa sababu wewe unaishi ndani yake tayari na hakuna ninachoweza kukueleza kuhusu kumwinua mtu mzima kutoka chooni. Georges na Anne ni walimu wastaafu wa muziki, wenye umri wa miaka themanini na kitu. Georges anaigizwa na Jean-Louis Trintignant, ambaye alikuwa amekaa miaka mingi bila kuonekana katika sinema. Karibu filamu yote iko ndani ya nyumba yao. Anne wanamfanyia upasuaji wa mshipa wa shingoni, upasuaji unakwenda vibaya, upande wake wa kulia unapooza, na anamtaka mumewe aape kwamba hatamrudisha hospitali tena.

Tukio la kuliangalia liko mapema, kabla ya ugonjwa kuwa na jina. Wako jikoni wanakula staftahi. Georges anazungumza, na ghafla anagundua kwamba mkewe hamjibu. Anne ameketi, macho yako wazi, lakini hayupo. Georges anafungua bomba, analowesha kitambaa, anampangusa uso na shingo; hakuna kitu. Anaondoka kwenda chumbani kuvaa ili atafute msaada, na bomba ameliacha linatiririka. Kamera inamfuata yeye. Tunasikia maji kwa mbali. Halafu maji yanakoma. Georges anarudi jikoni taratibu na kumkuta mkewe amekaa vilevile, akimwuliza kwa nini aliacha bomba wazi. Hakumbuki lolote. Georges anamkasirikia, anadhani ni mzaha, mpaka Anne anapojaribu kumimina chai na chai inamwagika nje ya kikombe.

Haneke hakutuonyesha Anne akizinduka, hakutuonyesha mkono ukifunga bomba. Dakika zile zimetoweka kwa Anne, na kwa kuwa kamera ilikuwa imeondoka, zimetoweka kwetu pia. Tulichobaki nacho ni maji yaliyokuwa yakilia na ambayo hayalii tena. Resnais alionyesha kumbukumbu inayovamia kwa kuingiza picha isiyotarajiwa. Haneke alionyesha kumbukumbu inayopotea kwa kuinyima picha. Hakuna hata mmoja wao aliyeingia kichwani mwa mtu kwa kutetemesha picha. Kama unataka jambo moja la kuwapelekea wanafunzi wako wa fasihi, wapelekee hilo, kisha waulize ni mwandishi gani wa Kiswahili anayejua kuacha pengo la namna hiyo bila kulijaza.

Kuna pia masimulizi ambayo Georges anamsimulia mkewe wakiwa mezani. Akiwa mtoto alikwenda kutazama filamu ya mapenzi, akatoka ameguswa sana. Kijana mmoja jirani aliyemzidi umri kidogo akamwuliza ilihusu nini, naye alipoanza kusimulia akaanza kulia tena, huku akiona aibu, na machozi yakawa mengi karibu kuliko yale ya ukumbini. Sasa, anasema, filamu yenyewe haikumbuki tena. Anachokumbuka ni hisia ile. Nimetaja kwamba mwanamke wa Hiroshima aliogopa kwamba kusimulia kutaliua penzi. Mzee huyu wa Paris, miaka 53 baadaye, anashuhudia kinyume chake, kwamba kisa chaweza kufutika chote na kilichomliza mtu kikabaki mzima. Ndiyo maana sidhani mama yako amempoteza baba yako. Amepoteza mwaka, amepoteza taarifa ya kifo, pengine amepoteza sura. Lakini bado anajua kungoja.

Nikuonye kuhusu mambo mawili. Binti yao, anayeigizwa na Isabelle Huppert, huja na kuondoka, hulia, hudai kitu kifanyike, na baba yake humwambia kwamba wasiwasi wake haumsaidii. Kama una ndugu wanaouguza kwa njia ya simu, tukio hilo litakuchoma, na nakusihi usilitumie kama silaha dhidi yao. La pili ni mwisho. Anne anafika mahali pa kulia neno moja tu la maumivu, tena na tena, na Georges anakaa kando yake, anamsugua mkono, anamsimulia kisa cha utotoni mpaka anatulia. Kinachofuata baada ya utulivu huo ni kizito mno, ni tendo la kuua, na mimi silioni kama jibu la lolote. Ni mtu aliyechoka ndani ya nyumba ambayo ameifunga milango. Usiitazame usiku ambao na wewe umechoka hivyo. Kama hali hiyo imekufikia, mwite mtu akupokee zamu, filamu isubiri.

Ya tatu naitaja kwa sababu inasokota uzi uleule kwa upole zaidi, na unaweza kuitazama hata leo. Ni In the Mood for Love ya mwaka 2000, ya Wong Kar-wai, aliyezaliwa Shanghai na kuhamia Hong Kong akiwa mtoto wa miaka mitano. Tuko Hong Kong ya mwaka 1962, katika vyumba vya kupanga vilivyobanana, ambako mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, majirani, wanagundua kwamba mume wa huyu na mke wa yule ni wapenzi. Nyuso za wenzi hao wawili wasaliti hatuonyeshwi hata mara moja. Walioachwa wanaanza kuigizana: mwanamume anakaa mahali pa mume, mwanamke anafanya mazoezi ya kumkabili, na sauti inakatika kabla hajamaliza. Baadaye wanafanya mazoezi ya kuagana wao wenyewe, kabla hawajaagana kweli, na mwanamke analia begani mwa mwenzake huku akiambiwa kwamba haya ni majaribio tu. Onyesho la wawili hao wakiwa kitandani lilipigwa na mwongozaji akaliondoa. Kilichobaki ni ngazi nyembamba, mvua, chupa ya chakula ambayo mwanamke anakwenda nayo kununua tambi, na magauni yake, zaidi ya ishirini, yanayotuambia kwamba siku zimepita pale ambapo hakuna kalenda. Tony Leung, aliyeigiza mwanamume huyo, alipata tuzo ya mwigizaji bora Cannes kwa kazi hiyo. Mwishoni mwanamume anakwenda katika mahekalu ya Angkor Wat huko Kambodia, anaweka mdomo kwenye tundu la ukuta, ananong'oneza siri yake, na hatusikii alichosema.

Kuhusu namna ya kutazama: zipo zenye tafsiri ya maandishi chini ya skrini kwa Kiingereza, na wewe hilo halitakusumbua. Simu inatosha kwa ya Wong Kar-wai, ingawa rangi zake zitapungua ladha. Kwa ile ya Hiroshima tafuta skrini kubwa kidogo, hata ya kompyuta ya shule, na ukifika kwenye mkono wa aliyelala usisimamishe. Acha ikupite kwanza kama ilivyokusudiwa, kisha rudi nyuma uitazame tena. Kwa Amour sauti ndiyo kila kitu, hasa pale jikoni. Visikilizi vingekusaidia, lakini kwa hali ya nyumbani kwako weka kimoja tu sikioni, na mlango wa chumba cha mama uuache wazi kidogo.